Nani Aliimba? Kompyuta Mpya na Nyimbo za Jukwaani

Akina mama wenzetu, siku kompyuta ilipoingia nyumbani kwetu hakuna aliyekumbuka kupika chakula cha jioni. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2022. Tulikuwa tumepokea mgao wetu wa kikoba, na badala ya kununua vitenge au makochi kama walivyofanya wengi, tulikwenda Kariakoo tukarudi na kompyuta mpakato mpya, ile ambayo watoto huiita laptopu. Baba watoto aliitazama, akauliza bei, akanyamaza. Yeye alikuwa akifikiria ukuta wa uani ulioanguka wakati wa masika.

Tulimweleza kwamba kompyuta itatusaidia katika mahesabu ya biashara yetu ya vitafunio. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote. Baada ya miaka kumi na tisa ya ndoa, ya kununua sare za shule, madaftari na unga, tulitamani kuwa na kitu kimoja cha kutufurahisha tu.

Furaha yenyewe haikuja upesi. Mwezi wa kwanza kompyuta ilitutenganisha kuliko kutuunganisha. Kijana mkubwa aliingia nayo chumbani, akaweka visikilizio masikioni, akafunga mlango. Mdogo wake alilia kwamba zamu yake imeliwa. Sisi tuliisubiri hadi saa tano usiku ili tuandike idadi ya sambusa zilizouzwa, huku baba watoto akiwa amelala zamani. Tukaweka sheria moja: kompyuta itakaa juu ya meza ya chakula, haitaingia chumbani kwa mtu yeyote, wala kwa baba na mama. Muziki ukipigwa, upigwe wote wasikie. Watoto walinung'unika wiki nzima, kisha wakazoea.

Boksi la wifi

Muziki wenyewe ulitoka kwa wifi yetu. Alikuwa ameishi Uingereza miaka mingi, na aliporudi alileta boksi la sidii alizonunua kwa bei ndogo katika maduka ya vitu vilivyotumika. Zilikuwa 31, nyingi zikiwa za nyimbo za michezo ya jukwaani, ile michezo ya kuigiza ambayo waigizaji huzungumza, halafu moyo ukijaa wanaimba. Redio yetu ya sidii ilikuwa imekufa siku nyingi. Boksi likakaa juu ya kabati likikusanya vumbi.

Hapo tuligundua jambo ambalo muuzaji hakutuambia: kompyuta za siku hizi nyingi hazina mahali pa kutia sidii. Ilitubidi tununue kisomeo cha pembeni, kijisanduku chembamba kinachounganishwa kwa waya. Jioni ile tulikuwa tukikanda unga wa maandazi. Kijana akachukua sidii ya juu kabisa bila kuangalia, akaitia. Ilikuwa *The Sound of Music*. Wimbo wa pili haujafika mwisho, mikono yetu ikasimama ndani ya unga. Sababu yake tutaieleza baadaye.

Baba watoto alitoka uani akasimama mlangoni. "Mama watoto, hizi si zile nyimbo ulizokuwa ukiwaimbia watoto walipokuwa wachanga?" Ndizo. Hatukujua kwamba alikuwa akisikiliza.

Kazi ya kupanga

Kunakili sidii si kazi ngumu. Unaitia, unafungua programu, unasubiri dakika chache, nyimbo zote zinahamia ndani. Sidii yenye muziki wa dakika 70 huchukua karibu megabaiti 700 isipobanwa. Ukiihifadhi kwa mtindo wa FLAC, hupungua hadi nusu hivi bila kupoteza chochote. Kwa mtindo wa MP3 hupungua zaidi sana, lakini sehemu ya sauti hutupwa na haitarudi tena. Tulichagua FLAC. Zile sidii 31 hazikufikisha gigabaiti 12, na diski yetu ni ya gigabaiti 256, kwa hiyo hakuna haja ya ubahili. Nakala ya pili tumeiweka kwenye diski ndogo ya nje inayokaa kwa wifi. Kikombe kimoja cha chai kikimwagika juu ya meza yetu, miezi ya kazi isipotee. Tunasema hivyo kwa sababu kikombe kimoja kilishamwagika, Mungu akakielekeza upande wa pili.

Ugumu uko katika kupanga. Kompyuta hupanga kwa ABC, na mchezo wa kuigiza hauwezi kupangwa hivyo, maana una mwanzo na mwisho. Mara ya kwanza tuliposikiliza *Fiddler on the Roof*, mchezo wa mwaka 1964 juu ya baba Myahudi maskini na binti zake, watu walihama kijiji chao kabla ya binti wa kwanza kuchumbiwa. Tukaziwekea nyimbo namba. Hata hapo wimbo wa 10 ukaja kukaa baada ya wimbo wa 1, hadi tulipojifunza kuandika 01, 02, 03. Tena majina ya michezo hii mengi huanza kwa neno lile lile la Kiingereza, *The* hiki na *The* kile, basi herufi T ilijaa kama daladala la asubuhi.

Kisha kuna visanduku vya kujazwa kwa kila wimbo: jina la wimbo, jina la mtunzi, mwaka, na jina la mwimbaji. Hiki cha mwisho ndicho kilichotufungulia mambo.

Mwaka na mwimbaji

Lazima kwanza ujue unasikiliza nini, kwa kuwa mchezo mmoja huweza kuwa na sidii tatu au nne zisizofanana. Desturi ya kuwarekodi waigizaji wale wale wa jukwaani, karibu nyimbo zote za mchezo pamoja na okestra yao, ilipata nguvu mwaka 1943, mchezo wa *Oklahoma!* ulipoanza New York. Kampuni ya Decca iliwarekodi kwenye santuri nzito za zamani ambazo kila upande ulibeba dakika chache tu, hivyo mchezo mmoja ukawa furushi zima la santuri. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilitoa santuri ndefu, na sasa mchezo uliweza kukaa kwenye sahani moja. Waimbaji waliitwa studio siku yao ya mapumziko, mara nyingi Jumapili, wakaimba kutwa.

Halafu inakuja sinema, na hapo sauti hubadilika. *My Fair Lady* ulianza New York mwaka 1956, na msichana muuza maua aliigizwa na Julie Andrews, aliyekuwa na umri wa miaka 20. Sinema ilipotoka mwaka 1964, nafasi hiyo alipewa Audrey Hepburn, mwenye jina kubwa zaidi. Tulikuwa na sidii zote mbili. Tulipojaza kisanduku cha sinema tukaandika Audrey Hepburn, tukaendelea na mengine.

Kijana wetu, anayependa kuchunguza, akasema, "Mama, hapo mmekosea. Huyo siye anayeimba."

Kweli siye. Sehemu kubwa ya nyimbo zile iliimbwa na mwanamke aitwaye Marni Nixon, ambaye uso wake haumo kabisa katika sinema hiyo. Na haikuwa mara yake ya kwanza. Katika *The King and I* ya mwaka 1956 aliimba badala ya Deborah Kerr, na katika *West Side Story* ya mwaka 1961 aliimba badala ya Natalie Wood. Watu waliingia sinema kwa mamilioni, wakanunua na santuri, wakiamini kwamba wanamsikia mwanamke wanayemwona. Kwa *West Side Story* alidai fungu katika mapato ya santuri, na mtunzi wa muziki wenyewe, Leonard Bernstein, ndiye aliyemkatia sehemu ndogo kutoka katika fungu lake. Marni Nixon alifariki mwaka 2016.

Jioni ile hatukujaza visanduku vingine. Baba watoto, aliyekuwa hajali kompyuta, alivuta kiti akataka aelezwe tena tangu mwanzo. Yeye ni fundi umeme. Amefanya kazi katika nyumba nyingi ambazo mgeni husifu taa, wala haulizi nani aliyevuta waya. Tulizungumza hadi karibu saa sita. Akina mama wenye ndoa za miaka mingi watatuelewa tukisema kwamba hatukumbuki ni lini mara ya mwisho tulikuwa tumezungumza hadi saa sita juu ya kitu kisicho ada wala ugonjwa.

Tangu hapo ikawa kazi yetu sote. Tukaanza na *The Sound of Music*. Mchezo ulianza jukwaani New York mwaka 1959, Maria akiwa Mary Martin. Sinema ya Julie Andrews ni ya mwaka 1965. Watunzi walikuwa Richard Rodgers, mwenye muziki, na Oscar Hammerstein, mwenye maneno. Hammerstein alifariki mwaka 1960, kwa hiyo nyimbo mbili mpya zilizowekwa katika sinema Rodgers alizitunga peke yake, muziki na maneno pia. Wimbo ule wa ua jeupe la milimani, ambao wengi hudhani ni wimbo wa kale wa Austria, ulitungwa kwa ajili ya mchezo huo, nao ndio wa mwisho ambao Hammerstein aliuandikia maneno.

Tena sikilizeni hili. Katika sinema hiyo Mama Mkuu wa watawa anaigizwa na Peggy Wood, lakini wimbo wake mkubwa anauimba Margery McKay. Kapteni naye, Christopher Plummer, aliimbiwa na Bill Lee. Na miongoni mwa watawa wanaolalamika juu ya Maria yumo Sista Sophia, ambaye ni Marni Nixon mwenyewe, safari hii kwa uso wake na sauti yake! Tuliitafuta sinema ili tumwone. Baba watoto alipiga makofi alipotokea, watoto wakamshangaa.

Je, ni nyimbo za dunia?

Dada mmoja wa jumuiya yetu alipita akasikia, akatuuliza kwa upole kama inafaa nyumba ya Kikristo kujaa nyimbo za majukwaani. Swali lake si la kudharau. Iko michezo tusiyowapigia watoto. *Chicago* wa mwaka 1975, kwa mfano, ni mchezo wa wauaji wanaotafuta sifa, na *Les Misérables* una mama anayeuza nywele zake na mwishowe mwili wake ili mtoto wake ale, jambo linalohitaji maelezo kabla ya kusikilizwa na mtoto wa miaka tisa. Sisi husikiliza kwanza wenyewe. Lakini tulimpigia dada yetu mchezo wa Yusufu na kanzu yake ya rangi nyingi, uliotungwa na Andrew Lloyd Webber na Tim Rice. Uliimbwa mara ya kwanza mwaka 1968 na wavulana wa shule moja ya London, ukiwa mfupi, kama robo saa tu, na Lloyd Webber alikuwa na miaka 19. Dada alikaa akausikiliza wote, akaomba uwekwe kwenye flashi kwa ajili ya mwalimu wa watoto wa Jumapili.

Akatuuliza pia swali lililotuaibisha kidogo: "Na za kwetu Afrika?" Boksi la wifi lilikuwa na *The Lion King* tu. Si haba, jukwaani New York tangu mwaka 1997, wenye wahusika Simba na Rafiki, na nyimbo za kwaya za Lebo M, mzaliwa wa Soweto. Katika sinema ya mwaka 1994 Rafiki ni dume, lakini jukwaani mwongozaji Julie Taymor alimfanya mwanamke, na Tsidii Le Loka akamwimba wa kwanza. Mtoto wetu wa mwisho hupenda kuwaeleza wageni maana ya "hakuna matata", kana kwamba wageni hawajui Kiswahili.

Tukaongeza *Sarafina!* wa Mbongeni Ngema, juu ya wanafunzi wa Soweto, ulioanza Johannesburg mwaka 1987 na kufika New York mwaka huo huo. Sinema yake ya mwaka 1992, wengi wa umri wetu waliiona. Na tukatafuta *King Kong*, mchezo wa Johannesburg wenye muziki wa Todd Matshikiza, juu ya bondia aliyeanguka. Ulianza mwaka 1959, mwaka ule ule wa *The Sound of Music*. Ndani yake alikuwamo Miriam Makeba, ambaye baadaye akaimba "Malaika" kwa lugha yetu. Kisanduku chake tulikijaza bila kuuliza mtu.

Tahadhari moja. Tulipokuwa na haraka, tulimlipa kijana mmoja wa kibandani atujazie flashi nyimbo za michezo. Nusu hazikuwa zile tulizoagiza, nyingine zilikatika katikati, na zilikuja na virusi vilivyotugharimu siku mbili za fundi. Tena waliotunga na kuimba hawakupata senti. Sasa tunanunua pole pole, mchezo mmoja baada ya kikoba.

Kanda ya mwaka 1989

Sasa tuseme kwa nini mikono ilisimama ndani ya unga.

Mwaka 1989 tulikuwa kidato cha pili katika shule ya wasichana ya bweni. Sista aliyetufundisha Kiingereza alitufundisha pia nyimbo za *The Sound of Music*, na siku ya wazazi wasichana tisa tulisimama mbele tukaziimba. Mtu aliweka redio ya kanda juu ya kiti, akarekodi. Kanda ile tulibaki nayo. Imehama nasi nyumba nne ndani ya bati la biskuti. Juu yake imeandikwa kwa kalamu ya wino "Nyimbo za Shule", basi.

Tuliamua iingie katika mkusanyo pamoja na nyingine. Baba watoto aliazima redio ya kanda kwa jirani, akasafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, akakaza utepe kwa kalamu ya Bic kama tulivyofanya zamani. Akavuta waya kutoka tundu la visikilizio la redio hadi tundu la maikrofoni la kompyuta. Kanda haiharakishwi, dakika 60 ni dakika 60. Mara ya kwanza sauti ilikuwa kubwa mno, nyimbo zikapasuka. Mara ya pili kulikuwa na mngurumo mzito nyuma ya kila kitu. Tulizima friji, haukuisha. Mwishowe baba watoto alichomoa chaja, kompyuta ikafanya kazi kwa betri yake tu, na mngurumo ukakoma hapo hapo. Tukasikia kiti kikiburuzwa, mtoto akikohoa, na sauti ya sista akihesabu moja, mbili.

Kisha kisanduku kikatungoja: mwimbaji.

Tuliandika majina sita kwa kumbukumbu. Tulianza kupiga simu, mmoja akatupa namba ya mwingine, Mwanza, Songea, Tabora. Tukapata jina la saba na la nane. Huyu wa nane, simu yake ilipokelewa na binti yake. Alituambia kwamba mama yake alifariki mwaka 2007, yeye akiwa na miaka mitatu. Akauliza kama anaweza kutumiwa wimbo.

Tulimtumia usiku ule ule. Asubuhi alipiga tena, akauliza: "Shikamoo mama. Samahani, ipi ndiyo sauti ya mama yangu?"

Hatukuweza kumjibu. Katika wimbo wa tatu kuna sauti moja inayopanda juu peke yake, safi sana, na wenzetu wawili wanasema ni ya marehemu. Mmoja anasema hapana, ni ya yule msichana wa tisa aliyehama shule mwaka uliofuata, ambaye hakuna kati yetu anayekumbuka jina lake. Tulimweleza binti kama ilivyo. Akasema atasubiri.

Mwenzetu wa Tabora anayo picha ya siku ile mahali fulani katika masanduku ya mama yake, na ameahidi kuitafuta akienda nyumbani mwezi wa kumi na mbili. Kisanduku kina majina manane na nafasi moja wazi. Jana usiku, baada ya watoto kulala, baba watoto alikaa mezani, akasogeza sikio karibu na spika, akasema, "Rudisha nyuma kidogo. Pale kabla hajavuta pumzi."